Niliziba Matundu ya Ukuta Wetu kwa Mkono Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita. Nimezaliwa Bagira, kwenye milima ya Bukavu, nimekulia Bagira, na mpaka leo ninaishi Bagira na mama yangu, mjane anayeuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Nilisomea uhandisi wa ujenzi hapa hapa Bukavu. Siku nilipomaliza kutetea mémoire yangu, tasnifu ya kumaliza masomo, wanawake wa avenue yetu, yaani mtaa wetu, walinimwagia poda kichwani mpaka nikawa mweupe kama unga wa muhogo, wakanirudisha nyumbani kwa nyimbo. Kuanzia siku ile hakuna aliyeniita tena kwa jina langu. Nikawa "Ingénieur".

Ingénieur wa nini? Miaka miwili baada ya poda ile nilikuwa bado ninamsaidia mama kuanika sambaza!

Kuna jambo moja kuhusu mimi ambalo lazima mlijue. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikimsalimia mtu asiponijibu, nitajiuliza siku nzima nimemkosea nini. Nikiandika ujumbe ninausoma mara tano, ninaufuta, ninauandika upya. Mama hunitania, "Kichwa yako inatumika ata pahali hakuna kazi." Nilikuwa ninacheka naye. Sikujua kwamba siku moja mtu angeutumia udhaifu huu kunifunga nao mdomo...

Mtu huyo nitamwita Ingénieur Placide. Si jina lake. Wengi wenu mmekwisha kumsikia akizungumza, labda mmempigia makofi. Na mimi nilimpigia.

Mara ya kwanza nilimsikia katika ukumbi wa parokia. Alikuwa mtu wa makamo, shati lililopigwa pasi vizuri, sauti ya upole isiyohitaji kipaza sauti. Alizungumza juu ya milima yetu inayoporomoka, juu ya kujenga vitu ambavyo wajukuu wetu watavikuta vimesimama, juu ya kuitumikia jamii bila kungoja kuitwa. Akatufundisha neno moja, résilience. Alisema maana yake ni mtu kuangushwa na kusimama tena akiwa na nguvu kuliko mwanzo. Ukumbi mzima ulilirudia pamoja, kama sala.

Kisha akauliza, "Ukuta wa kuzuia udongo unaangushwa na nini?"

Watu walisema udongo. Wengine mawe, wengine tetemeko. Mimi nilijua jibu. Niliinua mkono nikaushusha, nikauinua tena... "Ni maji," nilisema. "Maji yakikosa njia ya kutoka nyuma ya ukuta, ndiyo yanayousukuma."

Akashuka jukwaani, akaja mpaka mahali nilipokaa, akanishika mkono na kunisimamisha mbele ya watu wote.

"Muone huyu mutoto," akasema. "Hii njo Bukavu ya kesho."

Ndugu zangu, miaka miwili hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba nina faida yoyote. Nililia pale pale!

Wiki mbili baadaye nilikuwa mfuasi wake. Nilibeba makaratasi yake, nilipanga viti, nilisahihisha maandishi ya mihadhara yake. Aliniita "ma fille", binti yangu. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Mnaweza kufikiri neno hilo lilinigusa wapi.

Mimi ndiye niliyemwonyesha mteremko wa avenue yetu. Kila msimu wa mvua udongo ulikuwa unateremka kidogo kidogo kuelekea nyumba ya Maman Nsimire, jirani yetu wa chini. Huyu Maman Nsimire ni mjane kama mama yangu, mwanamke wa maneno mengi na mgongo wenye nguvu. Jiko lake liliegemea kabisa mguu wa kilima. Ingénieur Placide alitazama akasema tutajenga ukuta wa mawe. Simenti ataitafuta kwa marafiki zake, mikono itakuwa yetu.

Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu waje kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Walikuja kwa sababu yangu, si kwa sababu yake. "Kama Ingénieur wetu amesema, tunakuya," ndivyo walivyoniambia. Wanawake walibeba mawe mgongoni, mkanda umekazwa kwenye paji la uso, Jumamosi baada ya Jumamosi. Maman Nsimire alibeba kuliko wote. Papa Zihindula, fundi mzee wa mtaa, alipanga mawe. Na mimi nilichora ukuta ule, mchoro wangu wa kwanza kugeuka kitu ambacho mtu anaweza kukigusa!

Niliweka matundu ishirini na manne ya kutolea maji, kila tundu na kipande chake cha bomba la plastiki. Siku ya mvua ya kwanza, maji yalipochuruzika kwenye matundu yote, Maman Nsimire aliita majirani kwa kelele:

"Mukuye muone! Kumbe ukuta nayo inakojoaka!"

"Inafaa ikojoe, maman," nikamwambia. "Ikifunga mukojo, itapasuka."

"Basi ikojoe tu! Ikojoe mupaka Kinshasa!"

Tulicheka mpaka Papa Zihindula akaketi chini. Sidhani nimewahi kuwa na furaha kama siku ile.

Kiangazi kikafika. Ingénieur Placide akaja na habari: kuna wageni wakubwa watakaotembelea ukuta wetu, kisha atatoa mhadhara pale pale, mbele ya kamera. Alitembea kuanzia mwanzo wa ukuta mpaka mwisho wake, mikono mgongoni. Akasimama mbele ya michirizi ya kahawia ambayo maji yalikuwa yameiacha chini ya kila tundu.

"Hii ni uchafu," akasema. "Ukuta utapakwa rangi nyeupe. Katikati tutaandika RÉSILIENCE, herufi kubwa, za bluu. Haya matundu yanakata maandishi. Muyazibe."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikamkumbusha kuhusu maji. Nilimkumbusha kwa adabu, kwa sentensi nilizozipanga kichwani kwanza. Alinisikiliza akitabasamu, kisha akaniwekea mkono begani.

"Ma fille, uko mwerevu, lakini unawaza sana. Sasa iko kiangazi. Mvua itatoka wapi? Wageni wakienda, tunafungua. Ni wiki mbili tu."

Unawaza sana... Si ndivyo hata mama alivyosema siku zote? Nikajiambia, huyu ana miaka thelathini ya kazi, wewe una poda kichwani. Nyamaza.

Nilimpelekea Papa Zihindula agizo. Mzee yule aliuweka mwiko wake wa fundi chini.

"Nani aliniambia niache matundu?"

"Ni mimi, papa."

"Nani aliniambia ukuta bila matundu ni kaburi?"

"Ni mimi."

"Basi mi sizibe. Kama matundu inazibwa, weye njo uzibe." Akafuta mikono kwenye suruali, akaenda zake.

Ningeweza kwenda zangu pia! Kwa nini sikwenda? Kwa nini? Niliogopa kwamba Ingénieur Placide angenitazama kwa macho ya mtu aliyekosea kuchagua. Basi. Hakukuwa na sababu nyingine. Niliokota mwiko nikaziba tundu la kwanza, nikaziba la pili. Mkono wangu ulitetemeka mpaka la tano, baada ya hapo ukazoea. Hilo linanitisha mpaka leo... kwamba ulizoea.

Ingénieur Placide alikuwa amesimama karibu, simu mkononi. "Cheka kidogo, ma fille. Vijana wenye kujitolea!" Nikacheka. Akapiga picha.

Wageni walikuja. Wanawake walicheza, ukuta uling'aa mweupe, yale maandishi ya bluu ulikuwa unaweza kuyasoma kutoka barabarani. Ingénieur Placide alizungumza vizuri kuliko siku zote. Alisema maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimemwandikia. Mimi nilipewa kipaza sauti nikasema asante, na watu wa avenue yetu wakapiga vigelegele.

Baada ya wiki mbili nilimwomba ruhusa ya kufungua matundu. Akasema wageni wengine wanakuja. Baada ya mwezi nikamwomba tena. Picha ya ukuta ule sasa ilikuwa imechapwa kwenye bango lake la mihadhara, akasema ukuta lazima ubaki kama ulivyo kwenye bango, watu wasije kuuona umetobolewa. Nikamwandikia ujumbe. Nikautuma! Jambo moja nilikuja kulielewa nikiwa nimechelewa sana: yeye hakuwa anajibu ujumbe kwa maandishi. Kila mara alipiga simu.

Mwezi wa tisa, mvua.

Niliona alama ya unyevu chini ya herufi ya kwanza. Siku chache baadaye nikaona ukuta umetoa tumbo, kidogo tu, upana wa kidole. Nilileta uzi na jiwe nikapima. Nikapima tena kesho yake. Nilimpigia Ingénieur Placide, alikuwa amekwenda Goma kuhutubia vijana. Sauti yake ilikuwa ya haraka.

"Ukuta wangu unaujua kuliko mimi? Usiguse kitu mpaka nirudi. Uko na wasiwasi, njo maana kazi hupati."

Aliyasema hayo. Nami nikayameza.

Jumamosi ile nilichukua nyundo na tindo, nikateremka mpaka kwenye ukuta. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua lilikuwa limetoka. Nilijua tundu la kwanza liko wapi hata chini ya rangi. Niliweka tindo juu yake... Nikawaza: nikiharibu maandishi? Nikikosea mbele ya watu? Kama kweli ni wasiwasi tu?

Maman Nsimire alitoka jikoni na sufuria mkononi. "Ingénieur, iko shida?"

"Hapana, maman. Naangalia tu."

"Sawa. Angalia vizuri, niko nalala chini yake!" Akacheka, akarudi ndani. Nami nikarudi nyumbani na tindo langu bila kutoboa hata tundu moja.

Wasomaji, hilo ndilo jibu nililompa mwanamke aliyebeba mawe yale kwa mgongo wake. Naangalia tu.

Kesho yake tulikuwa tumetoka misa ya pili. Mvua ilianza tukiwa njiani, ile mvua inayopiga mabati mpaka watu wanasemezana kwa ishara. Mama na mimi tulikuwa hatujafika mlangoni tulipohisi ardhi inanguruma chini ya miguu. Nilijua. Niliacha kila kitu nikakimbia.

Ukuta haukubomoka vipande vipande. Ulilala, wote kwa pamoja, kama mlango uliosukumwa, na kilima kikaja nyuma yake. Jiko la Maman Nsimire halikuwepo. Nusu ya nyumba haikuwepo. Tulichimba kwa mikono, kwa sahani, kwa majembe. Papa Zihindula alichimba huku akilia kwa sauti. Tulipomtoa Maman Nsimire alikuwa hai, Mungu ni mkubwa, lakini mguu wake wa kulia... sitaeleza. Waganga wa hospitali walijitahidi. Ulikatwa juu ya goti.

Siku ya tatu Ingénieur Placide alifika. Mkutano uliitishwa kwenye ua wa mkubwa wa avenue. Nilimkimbilia kama mtoto anayemkimbilia baba. Nilifikiri tutasimama pamoja, tutasema kosa letu. Hakunitazama!

Aliwapa watu pole kwa sauti yake ile. Alisema alikuwa safarini. Alisema alisikitika sana kugundua kwamba matundu ya ukuta yalizibwa. Akauliza, "Nani aliziba?" Akatoa simu yake, akaipitisha mkono kwa mkono.

Ilikuwa ile picha. Mimi, mwiko mkononi, simenti kwenye tundu, nikicheka.

"Vijana wana moyo," akasema, "lakini moyo bila uzoefu unaua. Mimi sikumwagiza."

Nilitafuta maneno. Ni yeye! Alisema ni kiangazi! Aliniambia nisiguse! Lakini ningeonyesha nini? Ujumbe wangu haukuwa na jibu lake, maneno yake yote yalikuwa ya mdomo. Macho yaliyonitazama ni ya wale walionimwagia poda. Papa Zihindula alikuwa ameinamisha kichwa. Mama, mama yangu, aliuliza mbele ya wote, "Weye njo uliziba?"

"Ndiyo, mama."

Hakuniuliza zaidi. Aliondoka ametangulia, na mimi nilimfuata nyuma kwa nyuma mpaka nyumbani.

Kuanzia siku hiyo jina langu likarudi. Hakuna aliyeniita tena Ingénieur. Wanawake walipita kwenye meza ya mama wakanunua sambaza kwa mwingine. Kuna siku alirudi na beseni lililojaa kama alivyoondoka nalo, akaanza kuanika upya. Natamani angenipiga.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa usaliti. Haukuwa mwisho! Baada ya mwezi niliona tangazo la mhadhara wake mpya, kule Ibanda katikati ya mji, kwenye ukumbi mzuri unaotazama ziwa. Mada ilikuwa namna ya kujifunza kutokana na kushindwa. Nilikwenda. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, kitambaa kichwani.

Alionyesha picha ya ukuta ukiwa mweupe. Alionyesha picha ya ukuta ukiwa umelala. Alionyesha picha yangu, uso umefunikwa kidogo, na kusema, "Huyu ni kijana tuliyemwachia jukumu mapema mno." Alisimulia jinsi alivyoumia, jinsi alivyoanguka na kusimama tena akiwa na nguvu kuliko mwanzo. Mguu wa Maman Nsimire aliupa sentensi moja. Na watu walisimama, ndugu zangu... walisimama wakampigia makofi! Msichana aliyekaa kando yangu alikuwa anafuta machozi. Aliniambia, "Ule muzee iko na roho nzuri."

Nilitoka.

Asubuhi iliyofuata nilipanda gari la kwenda Katana. Maman Nsimire alikuwa kule kwa dada yake, akisubiri kidonda kikauke. Njia nzima nilipanga hotuba: nitaanza na kiangazi, kisha agizo, kisha simu ya Goma, ili aone nani mwenye kosa. Nilipomkuta ameketi kwenye kigoda anachambua maharage, mguu mmoja tu umenyooka mbele yake, hotuba yote ilipotea.

"Maman, mimi ndiye niliyeziba."

"Najua," akasema, bado anachambua.

"Walikuonyesha picha?"

"Picha ya nini? Nilikuona. Nilikuwa mulangoni ile siku, nilikuona unaziba moja moja. Nikajisemea moyoni, mbona aliniambiaka ikifungwa inapasuka? Nilitaka kukuuliza. Kisha nikasema, aah, ni Ingénieur wetu. Anajua."

Nililia mpaka dada yake akatoka ndani kuangalia. Nilimweleza kuhusu Ingénieur Placide, nikasema yeye ndiye aliyeniagiza, yeye ndiye aliyenidanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ule mutu mi simujui," akasema. "Kwa ajili yake sikubeba jiwe ata moja. Mi nilimubebea mutoto wa avenue yetu."

Kisha akanisogezea sahani. "Chambua. Na ukirudi, usiseme na mi peke yangu. Useme na bote."

Nilirudi, nikasema na wote. Jumamosi, salongo ya kuondoa mawe, saa mbili asubuhi. Nilisimama juu ya kifusi, nikasema: nilijua. Nilijua siku ya kuziba, nilijua siku ya kuja na tindo, na nilimjibu Maman Nsimire uongo. Nikataja pia aliyeniagiza. Wengine waliamini, wengine hapana. Mwanamke mmoja alitema mate chini. Kisha Papa Zihindula akasema polepole, "Mi nilikataa kuziba, nikaenda kukaa kwetu. Sikuita mutu. Sikumuambia ata mwenye nyumba." Baadaye mtu akainama akaokota jiwe, na kazi ikaendelea. Sijasamehewa. Lakini niliruhusiwa kubeba.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mliomaliza masomo na mnangoja mtu mkubwa awashike mkono. Mimi nilimchukia Ingénieur Placide kwa miezi mingi, na mpaka sasa nikisikia sauti yake ninaondoka. Alinisaliti. Lakini kabla hajanisaliti alinifanyia jambo baya zaidi, na mimi nilimruhusu: alinifundisha kuuita ujuzi wangu wasiwasi. Kila nilipomwambia ninachokijua, alinijibu kwamba ninawaza sana, nami nikaona aibu, nikanyamaza.

Ni kweli, ninawaza sana. Ninawaza hata sasa, ninapoandika haya, kama mtanihukumu. Lakini yale maji sikuyawaza. Niliyasomea, niliyapima kwa uzi na jiwe, niliyaona kwa macho yangu.

Basi nawasihi! Mtu akikusifu mbele ya ukumbi mzima, furahi, lakini angalia anachokuagiza watu wakiwa wametawanyika. Akikuagiza kwa mdomo jambo linaloweza kuumiza mtu, mwambie aandike. Asipotaka, weka mwiko chini uondoke, na ukiondoka usiende kukaa kwenu: piga hodi kwa yule anayelala chini ya ukuta, umweleze. Mdomo utatetemeka. Utajikanyaga, utasahau nusu ya maneno uliyoyapanga, labda watakucheka.

Sema hivyo hivyo. Mimi niliulizwa kama kuna shida, jua likiwaka, tindo mkononi, siku nzima ikiwa imebaki, nikajibu hapana.